Kufundisha Hesabu Katika Shule za Sekondari: Mwanafunzi Apewe Kazi ya Kufikiri

Wasomaji wetu wengi ni wazazi wenye watoto katika shule za sekondari, na wengine ni waalimu wa shule hizo. Kila mwisho wa muhula taarifa ya shule huletwa nyumbani ikionyesha alama za kila somo. Mzazi hutafuta kwanza mstari wa hesabu. Na mara nyingi akisha kuuona huikunja karatasi asiseme neno. Ameuza mahindi, pengine ameuza na ndama, ili karo ipatikane. Mtoto naye hakukosa kwenda darasani hata siku moja. Je, imekuwaje basi akae miezi mitatu mbele ya ubao, arudi na alama za kuhuzunisha?

Makala haya yataka kulijibu swali hilo, na kueleza njia ambazo mwalimu aweza kuzitumia ili wanafunzi wake wasikae darasani kama magunia yaliyopangwa ghalani, bali washike kazi, waipende, na kuielewa. Jambo lenyewe si dogo. Tangu utaratibu wa 8-4-4 ulipoanzishwa katika Kenya mwaka 1985, kila mwanafunzi aliyefanya mtihani wa mwisho wa sekondari alilazimika kufanya hesabu, karatasi mbili, kila moja ya saa mbili na nusu. Na mwaka 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba hata katika shule za sekondari za juu za mtaala mpya hesabu itafundishwa kwa wote, wengine wakijifunza ile yenye kina na wengine ile ya matumizi ya kila siku. Kwa hiyo hakuna mlango wa nyuma wa kulikimbia somo hili. Anayelichukia hana budi kulichukia kila siku kwa miaka yote ya shule, na hiyo ni adhabu kubwa kwa kijana asiyekuwa na hatia.

DAFTARI SAFI, KICHWA KITUPU

Mwandishi wa makala haya ajua habari hizi kwa kuwa yalimpata. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa hodari mno. Aliingia darasani, akaandika kanuni juu ya ubao, akafanya mifano miwili upesi upesi, kisha akatuambia tufanye maswali kumi ya kitabuni. Sisi wa viti vya nyuma hatukuelewa, lakini tuliogopa kusema hivyo, maana aliyeuliza alichekwa. Basi tulinakili. Daftari langu lilikuwa safi kuliko madaftari yote ya darasa. Kila mstari umepigwa kwa rula, kila jibu limepigiwa mstari chini. Mkaguzi angaliliona angalinisifu. Walakini kichwani hamkuwa na kitu.

Hii ndiyo hatari ya kwanza ambayo mwalimu na mzazi yawapasa kuijua. Mwanafunzi aweza kunyamaza, akakaa wima, akaandika bila ya kupumzika, na huku akili yake imelala usingizi. Kelele za darasa huonekana mara moja, lakini usingizi wa namna hii hauonekani mpaka siku ya mtihani. Watu wengine hudhani dawa yake ni ukali. Wengine hudhani dawa yake ni mizaha na michezo ya kuchekesha. Ukali huwafanya wanafunzi wajifiche zaidi, na mizaha ikiisha hesabu hubaki palepale ilipokuwa. Dawa yenyewe ni moja: mwanafunzi apewe jambo la kufikiri ambalo yeye mwenyewe ataka kulijua jibu lake, tena apewe nafasi ya kulijaribu kabla ya kuonyeshwa.

SIKU YA MLINGOTI

Mwaka uliofuata aliletwa kwetu mwalimu kijana aliyekuwa katika mazoezi ya ualimu. Siku moja asubuhi alitutoa nje, akatusimamisha karibu na mlingoti wa bendera. Hakutaja kanuni yo yote. Alisema tu, "Mlingoti huu una urefu wa mita ngapi? Kila mtu akisie, aandike, wala asimwonyeshe mwenzake."

Tulipozisoma karatasi zetu, mmoja alikuwa ameandika mita 5 na mwingine mita 20. Ndipo ubishi ulipoanza. Hata mimi niliyekuwa nikinyamaza siku zote nilijikuta nikisema kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimekisia mita 10 na sikutaka kushindwa. Mwalimu akatuacha tubishane kidogo, kisha akatupa fimbo ya mita moja kamili, akasema, "Ni nani awezaye kuupima bila ya kuupanda?"

Tulikaa kimya. Yeye naye akanyamaza, wala hakuturahisishia. Mwisho mwenzetu mmoja akaona kwamba fimbo ina kivuli na mlingoti una kivuli. Tukaisimamisha fimbo, tukapima kivuli chake: sentimita 60. Tukapima kivuli cha mlingoti: mita 5 na sentimita 40, yaani sentimita 540. Kivuli cha mlingoti kilikuwa mara 9 ya kivuli cha fimbo. Basi na mlingoti wenyewe ni mara 9 ya fimbo, ndiyo mita 9.

Kikundi kimoja kilipata jibu jingine. Mwalimu hakuwakemea. Aliwauliza wote, "Hawa wamepima vizuri, nimewaona. Kwa nini jibu lao si kama la wengine?" Tukafikiri, tukagundua kwamba wao walipima kivuli cha fimbo mapema, na kivuli cha mlingoti baada ya muda mrefu, jua likiwa limekwisha kusogea. Ndipo tulipofahamu kwamba vivuli havina budi kupimwa wakati mmoja, ili miale ya jua ishuke kwa pembe moja na pembetatu mbili ziwe na umbo moja. Hapo tu ndipo mwalimu alipotupeleka darasani akaandika ubaoni habari za pembetatu zinazofanana. Kanuni ilipokuja tuliipokea kama mtu apokeaye jina la rafiki ambaye amekwisha kuonana naye.

Sikugeuka bingwa wa hesabu kwa siku ile moja. Lakini niliacha kuogopa, na tangu hapo nilianza kuuliza.

SWALI LITANGULIE KANUNI

Tuitazame kazi ya mwalimu yule tuone alifanya nini. Kwanza, alitanguliza swali, na kanuni ikaja nyuma. Pili, alimtaka kila mtu akisie. Mtu aliyekisia ameweka dau. Hawezi tena kuwa mtazamaji, maana ataka kujua kama amepata au amekosa. Tatu, alichagua swali ambalo hata aliye dhaifu aweza kulianza, kwa kuwa kila mtu ana macho ya kukisia urefu.

Si lazima kutoka nje kila siku. Hata darasani mwalimu aweza kuanza hivyo. Badala ya kusema, "Leo tutajifunza asilimia," aweza kusema, "Duka moja lilipandisha bei ya shati kwa asilimia 20, kisha likaipunguza kwa asilimia 20. Je, bei imerudi pale pale ilipokuwa?" Karibu wote watasema ndiyo. Mwalimu asiwaambie kitu. Awape shati la shilingi 1,000 walipigie hesabu. Litapanda kuwa shilingi 1,200, kisha asilimia 20 ya 1,200 ni 240, na bei itakuwa shilingi 960. Mshangao wao ndio mlango wa somo.

Yuko mtaalamu wa hesabu aliyezaliwa Budapest mwaka 1887, jina lake George Pólya, ambaye baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 1945 alitoa kitabu juu ya namna ya kufumbua maswali ya hesabu, na shauri lake lilikuwa la hatua nne. Kwanza, lielewe swali: nini kinatafutwa, na nini tumepewa? Pili, fanya shauri la njia ya kupita. Tatu, ifuate njia hiyo kwa uangalifu. Nne, rudi nyuma ulitazame jibu: je, laweza kuwa kweli, na je, ipo njia nyingine? Wanafunzi wengi huruka hatua mbili za kwanza na kuisahau ya mwisho. Mwalimu akiziandika hatua hizi nne katika karatasi kubwa na kuibandika ukutani, kila aliyekwama atakuwa na pa kushika.

MWALIMU ANYAMAZE KIDOGO

Jambo la pili ni subira. Katika miaka ya 1970 bibi mmoja mtaalamu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alieleza aliyoyaona katika madarasa ya sayansi kwa kupima muda ambao waalimu huwangojea wanafunzi baada ya kuuliza swali. Aliona kwamba kwa desturi waalimu walingoja kadiri ya sekunde moja tu, kisha wakamwita mwingine au wakajibu wenyewe. Waalimu waliojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, wanafunzi wengi zaidi walijitokeza kusema, na waliosema "sijui" walipungua.

Sekunde tatu ni kitu kidogo, wala hazigharimu hata senti moja. Lakini mwalimu anayejaribu ataona kwamba si rahisi, kwa maana kimya darasani humtia mtu wasiwasi. Yafaa ahesabu moyoni pole pole mpaka tatu, hata mpaka tano kwa swali gumu. Tena asimwite siku zote yule anayenyosha mkono kwanza. Aseme, "Kila mtu aandike jibu lake, kisha amweleze jirani yake kwa nini ameandika hivyo." Hata katika darasa la wanafunzi sitini jambo hili lawezekana, kwa kuwa kila mmoja ana jirani. Mwanafunzi mwenye haya, ambaye hawezi kusema mbele ya wote, aweza kumweleza mwenzake mmoja. Na anayeeleza hujifunza kuliko anayesikia.

KOSA NI MALI YA DARASA

Jambo la tatu ni namna ya kulipokea kosa. Kuuliza si ujinga, wazee wamesema. Na kukosa pia si ujinga, ikiwa kosa litatazamwa. Tuchukue kosa moja ambalo kila mwalimu wa hesabu amelisahihisha mara nyingi. Mwanafunzi huambiwa azidishe (a + b) kwa (a + b), naye huandika a² + b². Mwalimu huchora alama nyekundu, huandika jibu lililo sawa, na mambo huishia hapo. Wiki inayofuata kosa lile lile hurudi.

Mwalimu mwenye busara hufanya hivi. Huliandika kosa ubaoni bila ya kutaja jina la aliyelifanya, na kusema, "Jibu hili wengi huliandika. Tulijaribu kwa tarakimu." Basi a iwe 3 na b iwe 4. Tatu na nne ni saba, na saba mara saba ni 49. Lakini 3 × 3 ni 9, na 4 × 4 ni 16, jumla ni 25. Zimepotea 24. Zimekwenda wapi?

Kisha achore shamba la mraba, kila upande mita 7. Kila upande aukate mahali pamoja, mita 3 na mita 4, avute mistari miwili kupita shambani. Vitatokea vipande vinne. Kipande cha pembeni ni 3 kwa 3, eneo lake mita za mraba 9. Kile cha pembe ya pili ni 4 kwa 4, eneo lake 16. Navyo vimebaki vipande viwili, kila kimoja 3 kwa 4, eneo lake 12. Kumi na mbili mara mbili ni 24: hizo ndizo zilizopotea! Mtu aliyesema a² + b² amechukua vipande viwili vya shamba na kuviacha vingine viwili. Hakuna mwana wa mkulima asiyeelewa hasara hiyo. Kanuni yenyewe, a² + 2ab + b², haitasahauliwa tena upesi, kwa maana sasa ina sura.

Faida nyingine ya njia hii ni kwamba mwanafunzi aliyekosa haaibiki. Kosa lake limekuwa somo la wote. Darasa ambalo kosa huchekwa, wanafunzi huficha makosa yao; na mwalimu asiyeyaona makosa ni kama tabibu ambaye mgonjwa wake hataki kusema panapomwuma.

SWALI LENYE NGAZI

Waalimu husema, "Katika darasa langu wako wenye mbio na wako wazito. Nikiwangoja wazito, wenye mbio huchoka. Nikienda na wenye mbio, wazito hulala." Neno hilo ni la haki. Dawa mojawapo ni kutoa swali moja lenye ngazi, ambalo kila mtu aweza kupanda kadiri ya nguvu zake.

Mathalani, mtu amekopa shilingi 1,000 kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi, na riba isipolipwa huongezwa katika deni. Asipolipa kitu mwaka mzima, atadaiwa shilingi ngapi? Wanafunzi wakisie kwanza. Wengi watasema shilingi 2,200, wakihesabu shilingi 100 mara miezi 12. Sasa wafanye mwezi kwa mwezi. Ngazi ya kwanza ni miezi mitatu: shilingi 1,100, kisha 1,210, kisha 1,331. Hata aliye mzito aweza kufika hapo, naye ataona kwa macho yake kwamba riba ya mwezi wa tatu si 100 bali ni 121. Ngazi ya pili ni kufika mwezi wa kumi na mbili: deni ni karibu shilingi 3,138. Ngazi ya tatu ni kutafuta mwezi ambao deni hupita mara mbili ya mkopo, nao ni mwezi wa nane. Ngazi ya nne ni kutafuta kanuni ya kupata jibu mara moja bila ya kupita kila mwezi.

Swali hili si mchezo wa kitabuni. Watu wamepoteza ng'ombe na mashamba kwa kutia sahihi karatasi za mkopo wasizozielewa. Mwanafunzi atakayerudi nyumbani na kumweleza baba yake hesabu hiyo kabla mkopo haujachukuliwa, amekwisha kuilipa karo yake.

KURUDIA KWA AKILI

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha habari za majaribio aliyoyafanya juu ya kumbukumbu yake mwenyewe. Alionyesha kwamba mtu husahau upesi sana mara baada ya kujifunza, kisha kusahau huenda pole pole. Na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana kwafaa kuliko kurudia mara nyingi kwa siku moja. Kila mwalimu ameliona jambo hili. Darasa lilijua aljebra vizuri mwezi wa pili, na mwezi wa sita ni kana kwamba hawakufundishwa kamwe.

Basi kila kipindi kianze kwa maswali matatu mafupi: moja la jana, moja la wiki iliyopita, na moja la muhula uliopita. Wanafunzi wayafanye bila ya kufungua daftari, kwa maana kulitafuta jambo kichwani ndiko kunakolikaza. Tena mazoezi yachanganywe. Maswali kumi yote yakiwa ya namna moja, mwanafunzi hayasomi. Ajua mapema ni kanuni ipi itakayotumika, hutia tarakimu tu. Katika mtihani hakuna atakayemwambia ni kanuni ipi. Maswali sita yawe ya somo la leo, na manne ya masomo ya zamani, ajizoeze kuchagua.

KIPINDI CHA DAKIKA 40

Huenda mwalimu akauliza, "Haya yote yataingia wapi katika dakika 40?" Mfano wa kugawa kipindi ni huu:

Dakika 5 za kwanza: maswali matatu ya kukumbusha.
Dakika 5: swali jipya, na kila mtu akisie na kuandika.
Dakika 12: kujaribu wawili wawili, mwalimu akizunguka, akisikiliza, asitoe jibu.
Dakika 10: njia mbili au tatu za wanafunzi ziandikwe ubaoni, pamoja na kosa moja lenye mafunzo, kisha mwalimu aitaje kanuni.
Dakika 6: mazoezi ya kila mtu peke yake.
Dakika 2 za mwisho: swali moja katika kipande cha karatasi, kikusanywe mlangoni.

Vile vipande vya karatasi ni hazina. Mwalimu akivipitia jioni atajua ni wangapi walioelewa, na kesho aanzie wapi. Havitaki kutiwa alama.

WAALIMU WASAIDIANE

Njia hizi si ngeni katika nchi yetu. Mwaka 1998 Kenya na Japani zilianzisha mradi wa kuwaimarisha waalimu wa hesabu na sayansi wa shule za sekondari, uliojulikana kwa jina la SMASSE. Ulianza katika wilaya tisa, na mwaka 2003 ukapanuliwa nchi nzima. Waalimu walifundishwa kuweka kazi ya mikono na ya akili ya mwanafunzi mahali pa hotuba ya mwalimu, na kutengeneza vifaa vyao wenyewe kwa vitu vilivyopo, kama fimbo, kamba na maboksi. Walifundishwa pia mwendo wa hatua nne: panga, tenda, tazama, rekebisha.

Katika Japani yenyewe ipo ada ya zamani ya waalimu kutayarisha somo moja pamoja. Mmoja hulifundisha, wengine huketi nyuma ya darasa wakiwatazama wanafunzi, kisha wote hukutana kuzungumza. Hawamhukumu mwalimu; hulichunguza somo. Shule yenye waalimu wawili tu wa hesabu yaweza kufanya hivyo mara moja kwa mwezi. Hapahitajiwi fedha, ila unyenyekevu.

NENO KWA WAZAZI

Mzazi naye ana sehemu yake, hata kama hakusoma hesabu. La kwanza ni kuutunza ulimi. Mtoto akisikia nyumbani kwamba ukoo wao hauna kichwa cha hesabu, au kwamba hesabu si kazi ya wasichana, huliamini, na akiliamini huacha kujaribu.

Tusikie habari za Maryam Mirzakhani, aliyezaliwa Tehran, Uajemi, mwaka 1977. Alipokuwa msichana wa shule, mwaka mmoja alifanya vibaya katika hesabu, kwa sababu mwalimu wake hakumwona kuwa na kipaji, naye moyo ukamvunjika. Mwaka uliofuata alipata mwalimu mwingine aliyemtia moyo, akaendelea mbele kwa nguvu. Mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza ulimwenguni kupewa Nishani ya Fields, ambayo ni heshima kubwa kabisa ya wataalamu wa hesabu. Alifariki mwaka 2017. Tujiulize: kama yule mwalimu wa pili asingalikuwapo, dunia ingalipoteza nini? Na katika viti vya nyuma vya shule zetu wameketi wangapi wanaomngojea mwalimu wa namna hiyo?

La pili, mzazi asiulize tu, "Umepata alama ngapi?" Aulize, "Leo mmejifunza nini? Hebu nieleze." Mzazi asiyejua aljebra ndiye msikilizaji bora, kwa sababu mtoto hana budi kumweleza mpaka aelewe. Na mtoto akishindwa kueleza, amegundua mwenyewe mahali asipojua. Kesho atakuwa na swali la kumwuliza mwalimu.

MASWALI YA KUJIPIMA

Msomaji ajaribu maswali haya pamoja na watoto wake. Kila swali kwanza likisiwe, ndipo lipigiwe hesabu.

1. Fimbo ya mita 1 ina kivuli cha sentimita 80. Wakati ule ule mti una kivuli cha mita 12. Mti una urefu gani?

2. Mtu amekopa shilingi 2,000 kwa riba ya asilimia 5 kila mwezi, na riba huongezwa katika deni. Asipolipa kitu, baada ya miezi mitatu atadaiwa nini?

3. Shamba la mraba lina upande wa mita 12, uliokatwa mita 10 na mita 2. Taja eneo la kila kipande katika vile vinne.

4. Karatasi ina unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Kama ingaliwezekana kuikunja mara 20, kila mara unene ukizidi maradufu, ingalifika kimo gani?

5. Maseno iko juu ya mstari wa Ikweta. Kwa nini mtu hawezi kupima mlingoti kwa kivuli pale, mwishoni mwa juma la tatu la mwezi wa Machi, jua likiwa utosini?

Majibu: (1) Mita 15. (2) Shilingi 2,315 na senti 25. (3) Mita za mraba 100, 4, 20 na 20, jumla 144. (4) Karibu mita 105, ambacho ndicho kimo cha jumba la mikutano la KICC mjini Nairobi. (5) Kwa sababu siku hizo jua hupita juu kabisa ya Ikweta. Fimbo na mlingoti havitupi kivuli, na hakuna awezaye kugawanya kwa sifuri.